Namna ya Kuchambua Vurugu ya Maumbile Baada ya Kuuawa kwa Duncan katika Macbeth

Swali la insha kuhusu vurugu ya maumbile baada ya Macbeth kumuua Mfalme Duncan, katika tamthilia ya Shakespeare, huonekana jepesi, ndiyo maana majibu yake hufanana: mfalme ameuawa, jua limegoma kutoka, bundi kaua kozi, farasi wamekulana, kwa hiyo mpangilio wa ulimwengu umevurugika. Hakuna uongo hapo. Lakini huo ni muhtasari wa Tendo la 2, Onyesho la 4, na anayesahihisha tayari anaujua. Kinachotafutwa ni hoja, na hoja haipatikani kwa kurefusha orodha.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya kugusa kalamu. Katika tamthilia hii vurugu ya maumbile karibu yote hatuioni kwa macho. Hakuna farasi anayevunja banda jukwaani, wala kozi anayeanguka kutoka angani. Tunasimuliwa. Kwa hiyo kila tukio litakalotajwa liulizie maswali matatu: nani anasema, alijuaje, na kwa nini anayasema kwa mtu huyo wakati huo. Mwongozo wote huu umejengwa juu ya maswali hayo.

Nukuu za hapa zimefasiriwa kimaana tu. Kwenye insha yako nukuu kutoka toleo unalotumia, liwe la Kiingereza au tafsiri ya Kiswahili ya S. S. Mushi ya 1968, na namba za mistari zichukue humohumo. Matoleo hutofautiana kwa mistari kadhaa, na namba zilizookotwa mahali pengine hukuumbua.

Usomaji: anza kabla ya kifo

Wengi hufungua kitabu moja kwa moja kwenye Onyesho la 4 la Tendo la 2. Matokeo yake wanaeleza uharibifu bila kuonyesha kilichoharibiwa. Anza Tendo la 1, maonyesho ya 4 hadi 6. Duncan anamwambia Macbeth kwamba ameanza kumpanda na atahakikisha anakua. Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, anajibu kwamba yeye naye akikua, mavuno yatakuwa ya mfalme. Hiyo ni lugha ya shamba, na ndani yake mfalme ni mkulima. Halafu Duncan anafika ngome ya Macbeth, anasifia hewa yake tamu, na Banquo anaonyesha viota vya mbayuwayu, ndege anayependa kujenga makanisani. Ila ukurasa mmoja nyuma, Bibi Macbeth amekwisha kusema kwamba hata kunguru sauti imemkauka kwa kutangaza kuingia kwa Duncan chini ya kuta zake. Ngome ni ileile, ndege ni wawili, na kila mmoja amesikia au ameona kile alichotaka. Andika jambo hilo pembeni, utalihitaji.

Kisha soma Tendo la 2 lote kwa mkao mmoja. Ni fupi, na kasi yake ni sehemu ya maana yake. Mwisho pitia haraka vipande hivi (namba ya kwanza ni ya tendo, ya pili ni ya onyesho): 3.2 (Macbeth anauita usiku ufunge macho ya mchana), 3.4 (mawe yanayotembea na miti inayosema), 4.1 (Macbeth anawataka wachawi wamjibu hata kama pepo zitapigana na makanisa), 5.1 (daktari), 5.2 na 5.3 (magugu, jani lililokauka), na hotuba ya mwisho ya Malcolm, mwana wa Duncan. Vipande hivi utavitumia kama mwangwi tu, si kiini.

Jedwali la mashahidi

Chora safu tano kwenye karatasi na ujaze wewe mwenyewe ukiwa na kitabu mkononi. Hapa kuna sehemu ya jedwali lililojazwa, uone namna yake:

| Tukio | Msemaji | Anajuaje | Lini | Kilichopinduka |
|---|---|---|---|---|
| Mwezi umetua, nyota hazionekani | Banquo na mwanawe Fleance (2.1) | Wanaona wenyewe | Kabla ya mauaji | Mbingu zimezima taa zake |
| Bundi kulia, nyenje kulia | Bibi Macbeth (2.2) | Amesikia | Wakati wa mauaji | Bundi anageuka mpiga kengele ya kifo |
| Sauti ya "Usilale tena" | Macbeth (2.2) | Amesikia peke yake | Wakati wa mauaji | Usingizi |
| Dohani kuangushwa na upepo | Lennox, mkuu wa Scotland (2.3) | Ni mahali walipolala | Usiku huohuo | Nyumba, usalama wa makazi |
| Vilio na mayowe ya kifo angani | Lennox (2.3) | "Wanavyosema" | Usiku huohuo | Hewa |
| Ardhi kushikwa na homa na kutetemeka | Lennox (2.3) | "Wengine wanasema" | Usiku huohuo | Ardhi |
| Giza mchana | Ross, mkuu mwingine (2.4) | Anaona, anamwonyesha Mzee | Baada | Mchana na usiku |
| Bundi kumuua kozi | Mzee (2.4) | Hasemi | "Jumanne iliyopita" | Mdogo na mkubwa |
| Farasi wa Duncan kuvunja mabanda | Ross (2.4) | "Ni ajabu, na ni hakika" | Hasemi siku | Mnyama na mwanadamu |
| Farasi kulana | Mzee, kisha Ross (2.4) | Mzee ameambiwa, Ross ameona | Hasemi siku | Mla majani anakula nyama |

Likishajaa, lisome kwa safu kutoka juu hadi chini, badala ya kulisoma kwa mistari. Safu ya tatu pekee inatosha kukupa insha. Lennox, ambaye ripoti yake hunukuliwa sana, ameshuhudia dohani; mayowe na tetemeko ni maneno ya watu wengine. Safu ya nne nayo inavunja dai linalorudiwa kila mahali, kwamba maumbile yalivurugika *baada ya* mfalme kufa. Nyota zilizimika Duncan akiwa bado anapumua. Ngurumo na radi zilifungua tamthilia yenyewe pamoja na wachawi, na maneno ya kwanza kabisa ya Macbeth ni kwamba hajapata kuona siku mbaya na nzuri kama ile. Kuhusu kozi, Mzee anasema Jumanne iliyopita, wakati yeye na Ross wanazungumza asubuhi ambayo jua halijatoka. Tamthilia haielezi Jumanne hiyo iko umbali gani na usiku wa mauaji. Ukiandika "baada ya mauaji bundi alimuua kozi" unasema kitu ambacho maandishi hayakuhakikishii.

Lililo salama, na lenye uzito zaidi, ni hili: ishara zinalizunguka tendo pande zote mbili, na watu wanazikusanya na kuzipa maana pale mfalme anapokutwa amekufa.

Lennox: watazame watu watatu walioko mlangoni

Ripoti ya Lennox inakuja kwa wakati maalumu. Macduff, naye mkuu wa Scotland, ameingia kumwamsha mfalme. Lennox na Macbeth wamebaki nje wakisubiri, mmoja hajui kitu na mwingine anajua kila kitu. Lennox anajaza kimya kwa habari za hali ya hewa: dohani, mayowe, bundi aliyelia usiku kucha, ardhi yenye homa. Anazungumza kwa mistari minane hivi. Macbeth anajibu kwa sentensi moja fupi: ulikuwa usiku mkali kweli.

Hapo ndipo kinaya kilipo, na ndipo insha nyingi hupita bila kusimama. Unapoeleza kipande hiki, taja vitu vitatu kwa mpangilio: urefu wa ripoti, ufupi wa jibu, na kwamba sekunde chache baadaye Macduff anatoka akipiga kelele kwamba mauaji ya kufuru yamevunja hekalu la mpakwa mafuta wa Bwana. Kabla ya kelele hiyo, Lennox anadhani anasimulia tu usiku mbaya. Baada yake, kila alichotaja kinageuka ushahidi.

Ongeza na hili. Lennox anasema kumbukumbu yake changa haina usiku wa kufananishwa na ule. Onyesho linalofuata linafunguliwa na Mzee anayesema anakumbuka vizuri miaka sabini, na kwamba usiku huu umefanya yote aliyowahi kuyaona yawe mchezo. Kijana na mzee wanatoa ushahidi mmoja. Sabini yenyewe ni hesabu ya Zaburi ya 90, umri kamili wa mwanadamu, kwa hiyo Mzee ameletwa jukwaani awe kumbukumbu nzima ya nchi. Hana jina, hana cheo, haonekani tena. Kazi yake ni hiyo tu.

Onyesho la 4: pima polepole

Mistari inayohusu ishara ni takriban ishirini. Igawe mara tatu.

*Giza.* Ross anasema kwa saa ni mchana, lakini usiku unaikaba taa isafiriyo. Angalia kwamba ametaja saa. Kifaa cha binadamu bado kinakwenda sawa. Kilichogoma ni anga. Kisha anauliza bila kujibu: ni usiku umeshinda, au ni mchana umeona haya? Swali hilo lina uzito. Ukichagua jibu la kwanza, uovu umekamata madaraka. Ukichagua la pili, maumbile yamejificha uso kwa aibu ya kilichofanyika. Ross anayaacha yote mawili wazi, nawe usimchagulie. Eleza tofauti ya majibu hayo na uiache imsumbue msomaji. Wasikilizaji wa wakati ule walikuwa pia na giza jingine la mchana masikioni, lile la Mathayo 27, ambapo giza linaifunika nchi na ardhi inatetemeka Yesu anapokufa. Macduff alipotaja hekalu na mpakwa mafuta, alikwisha kufungua mlango huo.

*Kozi na bundi.* Kozi ni ndege wa kuwindia, ndege wa watu wakubwa, na hapa yuko kwenye kilele cha mruko wake, mahali anapopanda kabla ya kushuka juu ya windo. Bundi huyu ni mla panya, kazi yake iko chini, karibu na ardhi. Ili amuue kozi lazima apande hadi asikostahili kufika. Wanafunzi wengi huishia kusema kozi ni Duncan na bundi ni Macbeth. Ni sawa, lakini usikomee hapo: mkazo wa picha uko kwenye *kimo*. Na kwenye 2.2 Bibi Macbeth alimsikia bundi akilia wakati mumewe yuko chumbani kwa mfalme, kwa hiyo mtazamaji alikwisha kumwona bundi huyu akiwa kazini.

*Farasi.* Hiki ndicho kipande tajiri kuliko vyote, kipe nafasi kubwa. Hawa ni farasi wa Duncan, wazuri, wepesi, vipenzi vya uzao wao. Wanavunja mabanda, wanarusha mateke, wanapinga utii kana kwamba wanataka kupigana vita na wanadamu. Utii na vita ni msamiati wa dola. Tayari kwenye 1.2 askari aliyejeruhiwa amemwita Macbeth kipenzi cha ushujaa. Sasa farasi wanaitwa vipenzi, na wote wamemgeukia aliyewalisha. Kisha rudi kwenye 1.7, pale Macbeth anaposema hana mwiba, ule wa kisigino cha mpanda farasi, wa kuchochea nia yake isipokuwa tamaa, inayoruka kupita kiasi na kuangukia upande wa pili. Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta picha ya farasi na mpanda farasi. Ukiunganisha sehemu hizi tatu umeonyesha kwamba ishara ya farasi haikuchomekwa kwa kutisha tu.

Halafu soma jinsi habari inavyopanda. Ross anaanza na la kuaminika, kuvunja mabanda. Mzee anatia uvumi: wanasema walikulana. Ross anauthibitisha: ndivyo, macho yangu yaliyotazama yalistaajabu. Ndani ya mistari mitano uvumi umekuwa ushuhuda. Je, tumwamini Ross? Kwenye 4.3 Ross huyohuyo anamwambia Macduff kwamba mkewe na watoto wake walikuwa salama alipowaacha, kabla ya kukiri kwamba wamechinjwa. Si lazima umwite mwongo. Inatosha kuonyesha kwamba ni mtu anayepima maneno kulingana na anayezungumza naye.

Na sasa kitu ambacho orodha haiwezi kukupa. Katika mistari hiyo yote ishirini, jina la Macbeth halitajwi. Ross anasema mbingu zimefadhaishwa na tendo la mwanadamu. Mzee anasema haya si ya kawaida, kama lilivyo tendo lililofanyika. Mwanadamu yupi? Kimya. Macduff anapoingia na Ross kumuuliza ulimwengu unaendaje, anajibu kwa swali: kwani huoni? Katika nchi ambayo muuaji anakwenda Scone kuvikwa taji, kuzungumzia farasi na bundi ndiyo njia salama ya kuzungumzia mauaji. Hii ni tafsiri, iandike kama tafsiri. Lakini ina ushahidi, na ni mara chache mtahini atakuwa ameisoma siku hiyo.

Linganisha na chanzo, lakini kwa kipimo

Shakespeare alichukua ishara hizi kutoka kitabu cha historia cha Holinshed, toleo la pili la 1587. Wengi hudhani zinatoka kwenye habari za Duncan. Hapana. Zinatoka kwenye habari za mfalme aliyemtangulia kwa miaka mingi, Duff, aliyeuawa na Donwald katika ngome ya Forres kwa uchochezi wa mkewe, baada ya walinzi wa chumba kuleweshwa. Duncan wa kihistoria aliuawa 1040, na hakufia kitandani kama mgeni, alianguka vitani.

Kwa Holinshed, jua na mwezi havikuonekana kwa miezi 6. Farasi wa Lothian walikula nyama yao wenyewe. Ndege wa mawindo alinyongwa na bundi. Mwili wa Duff ulikuwa umezikwa kwa siri chini ya mkondo wa mto, na ulipofukuliwa tu hewa ikaanza kutakata.

Katika insha, thamani ya haya iko kwenye kilichobadilishwa:

- Miezi 6 imekuwa asubuhi moja. Tamthilia inahitaji mshtuko, haina nafasi ya majira.
- Farasi wa jimbo fulani wamekuwa farasi wa mfalme mwenyewe, na badala ya kila mmoja kujila, wanakulana. Uharibifu umekuwa wa ndugu kwa ndugu.
- Kwa Holinshed mazishi yanaisafisha anga. Kwa Shakespeare, Ross anamuuliza Macduff mwili wa Duncan uko wapi, naye anajibu umepelekwa Colmekill, kwenye makaburi ya wafalme. Anga haisemwi kutakata. Mazishi ya heshima hayaponyi kitu, kwa sababu anayetawala ndiye aliyeua.

Hilo la tatu ni zito kuliko mengine. Kama una nafasi ya moja tu, tumia hilo.

Muktadha wa wakati unahitaji sentensi mbili au tatu, zisizidi. James alikuwa mfalme wa Scotland kabla ya kurithi kiti cha Uingereza mwaka 1603. Njama ya kulipua Bunge pamoja naye iligunduliwa Novemba 1605. Tamthilia inakadiriwa kuandikwa 1606. Makanisani watu walikuwa wakisomewa mahubiri dhidi ya uasi, yaliyochapwa 1570, yanayofundisha kwamba kumpinga mfalme ni kumpinga Mungu. Ukiona umejaza nusu ukurasa kwa historia, kata. Aya ndefu kuhusu "mnyororo mkuu wa viumbe" (imani kwamba kila kiumbe kina daraja lake) bila nukuu hata moja ya tamthilia ni dalili ya mwandishi aliyekimbia maandishi.

Aya inavyojengwa

Hii ni aya dhaifu ya kawaida:

"Baada ya Duncan kuuawa, maumbile yalivurugika. Farasi walikulana. Hii inaonyesha kwamba Macbeth alifanya jambo baya na Mungu alikasirika. Pia bundi alimuua kozi, jambo ambalo si la kawaida."

Ina makosa manne. Haitaji msemaji hata mmoja. Inaleta hasira ya Mungu ambayo hakuna mhusika aliyeitaja katika mistari hiyo. Inaruka kutoka farasi kwenda bundi kabla ya kumaliza farasi. Na "si la kawaida" inarudia maneno ya Mzee bila kuyafafanua.

Ile ile, ikiandikwa upya:

"Habari ya farasi wa Duncan inakua mdomoni mwa wasemaji wawili. Ross anaanza na jambo linaloaminika, kwamba walivunja mabanda na kupinga utii. Mzee anaongeza uvumi kwamba walikulana. Ross anauthibitisha kwa macho yake. Neno 'utii' linatoka kwenye uhusiano wa raia na mfalme, kwa hiyo msikilizaji anamfikiria mtumishi aliyemgeukia bwana wake hata kabla Macbeth hajatajwa. Kulana kwao kunatabiri utawala unaokuja, ambapo Banquo na familia ya Macduff wataangamizwa na mtu wa upande wao."

Hesabu sehemu zake: dai, ushahidi wa hatua tatu wenye wasemaji, neno moja lililochunguzwa, na kiungo na sehemu nyingine ya tamthilia. Neno moja linatosha kwa aya moja.

Kwa insha ya maneno 900, mgao unaofanya kazi ni huu: utangulizi wenye msimamo 80, hali kabla ya mauaji 130, usiku wenyewe na Lennox 190, Onyesho la 4 maneno 260, mwangwi katika Matendo ya 3 hadi 5 maneno 140, pingamizi na hitimisho 100. Muda ukibana, punguza mwangwi kwanza. Onyesho la 4 usiliguse.

Katika mwangwi, usisahau kwamba maumbile hapa si mvua na ndege tu. Usingizi ni maumbile, maziwa ya mama ni maumbile, hamu ya kula ni maumbile. Macbeth ameuua usingizi kwenye 2.2, kwenye 5.1 mkewe anatembea amelala, na daktari anasema matendo yasiyo ya asili huzaa taabu zisizo za asili. Vurugu iliyokuwa angani imeingia mwilini. Mwanafunzi anayeishia kwenye dhoruba amechambua nusu ya dhamira.

Pingamizi

Aya hii fupi hupandisha insha kuliko aya nyingine yoyote, na wengi huiacha. Chagua pingamizi moja kati ya haya, usiyabebe yote.

La kwanza: Scotland ya Duncan haikuwa bustani. Tamthilia inafunguliwa na uasi wa Macdonwald, usaliti wa bwana wa Cawdor na uvamizi wa Norway, na Macbeth anasifiwa kwa kumpasua mtu kutoka kitovuni hadi tayani. Mfalme mkulima alikuwa akivuna damu tayari.

La pili: uponyaji nao unakuja kwa njia zisizo za kawaida. Msitu wa Birnam unaonekana kutembea, kumbe ni askari waliokata matawi ili kuficha idadi yao. Macduff, anayemuua Macbeth, alitolewa tumboni mwa mama yake kabla ya wakati. Malcolm anapozungumza mwishoni juu ya yale yatakayopandwa upya, anarudisha lugha ya Duncan ya kilimo, lakini miti imefyekwa kumfikisha hapo.

La tatu ndilo gumu zaidi: Macbeth naye alitawazwa Scone. Kwenye Tendo la 5 mfalme mwingine anauawa, na hakuna dohani inayoanguka, hakuna bundi, hakuna giza. Je, maumbile yanajua tofauti ya mfalme halali na mnyakuzi, au ni wasimulizi tu ambao safari hii hawana haja ya ishara kwa sababu wanaweza kulitaja jina la aliyekufa waziwazi? Ukilichukua swali hili, lipe maneno 70 na nukuu mbili, moja ya Ross kwenye 2.4 na moja ya Malcolm mwishoni.

Ukaguzi kabla ya kukabidhi

Pitia insha mara moja ukitafuta wasemaji tu. Kosa la mara kwa mara ni kumpa Ross maneno ya Mzee kuhusu kozi, likifuatiwa na kumpa Macbeth ripoti ya Lennox. Mzee hana jina, usimbunie. Kila palipoandikwa "baada ya mauaji", rudi kwenye safu ya nne ya jedwali uhakikishe. Futa "Shakespeare aliamini". Andika kile tamthilia inachofanya au kile mhusika anachosema. Kagua kama umeandika "maumbile yanamwadhibu Macbeth": anayeteseka katika ishara hizi ni kozi, farasi na watu waliokosa jua, wakati Macbeth siku hiyo anaelekea kutawazwa. Mwisho hesabu nukuu. Kwa maneno 900, saba hadi kumi fupi zinatosha, na angalau nusu ziwe za Tendo la 2.